Kipimo cha HbA1c hapa Bukavu: bon ya kampani, mutuele ao pesa mkononi?

MamaKadutu:
Jambo wandugu. Baba watoto ana sukari, huu ni mwaka wa sita. Muganga ameandika HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari katika damu, pamoja na kreatinini ya kuangalia figo. Leo asubuhi dirishani, kabla sijatoa karatasi, mhudumu ameniuliza: "Mama, unalipa mwenyewe ao uko na bon?" Nikamwambia anitajie zote mbili. Anayelipa mwenyewe: dola 13 HbA1c, 5 kreatinini, jumla 18. Mwenye bon, ile karatasi ya kampani ya kulipia matibabu: 30! Kampani ya baba watoto inalipa nusu, kwa hiyo tunabaki na 15. Damu ni ileile, labo ni ileile. Kuokoa dola 3 nipande hadi ofisini Nguba kutafuta muhuri wa bon, pengine siku mbili. Kadi ya mutuele, ule mfuko wa afya wa kuchangiana, pia tunayo. Mngefanya nini?

Papa wa Muhungu:
Mama, hizo dola 3 ziache kwanza. Uliza kampani inawawekea kiasi gani kwa mwaka. Sisi tulikuwa tunatoa bon kwa kila homa, kila kipimo cha malaria, na kila mara wanakata kwa ile bei ya juu. Oktoba mtoto akapasuliwa apendisi, tukaambiwa kiasi kimeisha. Mashine ya kushona ya mke wangu ndiyo iliyolipa fakture. Tangu siku ile bon yetu ni ya kulazwa na kupasuliwa tu.

Mutuele_Bagira:
Nimo katika kamati ya mutuele yetu, naomba nieleze. Mutuele ina njia yake: kituo cha afya cha mtaani kwanza, wanakupa karatasi ya transfere, ndipo hospitali. Ukienda moja kwa moja, dirishani unahesabiwa kama mtu asiye na kadi. Halafu kuna orodha ya vipimo ambavyo mutuele inalipia. Kwetu kreatinini imo, HbA1c haimo. Soma ya kwenu kabla ya kutoka nyumbani, maana ninaumia kuona wazee wakirudishwa na kadi mkononi. Na wanaotaka kujiandikisha leo kwa ugonjwa wa leo: kuna miezi ya kungoja, na nyumba nzima inaandikwa. Wakiingia wagonjwa peke yao, sanduku litakauka.

Labo_Ibanda:
Mama, hiyo 13 ina nini ndani? Mahali pengine tube, sindano na fishi ya mgonjwa vinahesabiwa kando, na bei ndogo inakuwa kubwa ukiwa tayari umekunja mkono wa shati. Omba jumla.

Pia, HbA1c haidai kufunga chakula. Inaonyesha wastani wa sukari ya miezi 2 hadi 3, kwa sababu chembe nyekundu ya damu inaishi siku 120 hivi. Kuirudia kila mwezi ni kutupa pesa. Lakini kama mzee aliongezewa damu karibuni, ao ana SS (ugonjwa wa seli mundu), namba itadanganya. Mwambie muganga kabla ya kulipa hata faranga moja, anaweza kuchagua kipimo kingine. Na msihame labo kwa ajili ya dola 2. Mashine hazisomi sawasawa. Namba ikishuka hutajua ni dawa imefanya kazi ao ni mashine nyingine.

Nyawera kwetu:
Ukilipa kwa faranga, uliza wanahesabu dola kwa ngapi. Mimi nililinganisha na cambiste aliye nje ya lango, nikaona afadhali nibadilishe kwake.

MamaKadutu:
Aksanti sana wote. Narudi na jibu. Hajawahi kuongezewa damu, SS hana. Orodha yetu ni kama ya Bagira. Saa moja asubuhi nilikuwa kituo cha afya, dakika ishirini transfere ikatoka. Kreatinini imepita mutuele, nusu yetu dola 2.5. HbA1c nimelipa mwenyewe 13, tube na sindano ndani. Jumla 15.5, na bon haijaguswa. Shida ilikuwa noti yangu ya 10: ina mpasuko mdogo pembeni, mfupi kuliko ukucha, mhudumu akaiinua kwenye mwanga akanirudishia. Nikatoka kutafuta nyingine, baba watoto akanisubiri kwenye benchi, mkono umekunjwa juu ya pamba. Majibu kesho saa nane mchana.

Papa wa Muhungu:
Mungu awasaidie, Mama. Ukipata namba, tuandikie.