Wanaoanza kuchoma nyumbani kiangazi hiki, Mwanza na kandokando ya ziwa: tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi, Mwanza mjini

Mwangaluka wadau. Mvua zimekatika, nyasi zimekauka, na kuanzia sasa mpaka Nane Nane Jumapili ni za kukaa nje. Nawajua ndugu na majirani wengi wanaopenda choma lakini kila mara wanakwenda kuinunua kwa sahani, kwa kuamini kwamba kuchoma ni kazi ya fundi. Si kweli. Anayeweza kuwasha jiko la mkaa akaivisha maharage ana zaidi ya nusu ya ujuzi tayari. Kinachobaki ni kuuelewa moto, na hapo ndipo anayeanza haambiwi. Anapewa orodha ya viungo kumi, ya moto hapewi.

Naanza mimi na huo moto.

Unapopika, sufuria inakinga chakula. Unapochoma hakuna kinga, kila kinachotoka kwenye mkaa kinaingia kwenye nyama. Mkaa ukiwa bado mweusi unatoa moshi na ndimi za moto. Nyama inababuka nje, ndani inabaki mbichi. Subiri mpaka makaa yafunikwe na jivu jepesi la kijivu na ndimi ziishe. Kwa jiko la kawaida hiyo ni kama dakika 20 hadi 30. Wageni wakianza kuuliza, wape karanga.

Makaa yakishakuwa tayari, usiyatandaze kote. Yasukume upande mmoja, upande wa pili ubaki mtupu au na makaa machache tu. Nyama inaanzia kwenye makaa ipate rangi, kisha inahamia pembeni iive taratibu. Mafuta yakidondoka na moto ukaruka, ihamishe pembeni mpaka utulie. Kumwagia maji kunarusha jivu lote juu ya chakula.

Kupima moto bila kifaa: weka kiganja juu ya wavu, kama kimo cha upana wa mkono, uhesabu polepole. Ukilazimika kuutoa mkono kabla ya tatu, huo ni moto mkali, wa mishikaki na vipande vyembamba. Ukifika tano au sita, ni moto wa wastani, wa samaki na kuku.

Na kuwashia, tafadhali, acheni mifuko ya plastiki. Najua ndiyo inayoshika haraka, lakini moshi wake ni sumu. Mafuta ya taa nayo yanaacha harufu ambayo hakuna ndimu itakayoiondoa. Magunzi makavu ya mahindi yanatosha kabisa, na kwa wenye ndugu Magu au Kwimba, miti ya pamba iliyokauka inawaka vizuri mno.

Karibuni. Kila mtu alete anachokijua kwa mikono yake.

Mdau, Kirumba

Asante mkuu. Mimi samaki nanunua Mwaloni asubuhi, kwa hiyo niwape ya sato, maana kwa anayeanza ndiye samaki rahisi kuliko wote.

Chukua wa nusu kilo au robo tatu. Mkubwa zaidi anamsumbua anayeanza, ngozi inaungua kabla mgongo haujaiva. Mdogo sana usimguse, na chini ya sentimita 25 hata sheria ya uvuvi haimruhusu. Angalia macho yawe maangavu na yametuna, matamvua yawe mekundu, na ukimbonyeza nyama irudi yenyewe. Mwombe muuzaji aondoe magamba, matamvua na utumbo, ila mwambie awe mwangalifu na nyongo. Ikipasuka, uchungu unaingia kwenye nyama ya tumbo.

Nyumbani mchanje mistari mitatu ya mshazari kila ubavu mpaka kisu kiguse mfupa. Chumvi, kitunguu saumu na tangawizi ya kutwanga viingie ndani ya michanjo na tumboni. Ndimu usimlaze nayo kwa saa nyingi, inaanza kuivisha nyama kabla ya moto na inamegeka. Robo saa inatosha, au mkamulie akishatoka motoni. Mimi napenda hiyo ya pili.

Moto wa wastani, dakika 8 hadi 10 kila upande. Ukitaka kujua kama ameiva, vuta pezi la mgongoni. Likichomoka bila ubishi, tayari. Au chungulia mchanjo wa karibu na kichwa, nyama iwe nyeupe hadi kwenye mfupa, isiwe na ule ung'avu wa ubichi.

Mdau, Igoma

Kaka wa Kirumba, nikimgeuza ngozi inabaki kwenye wavu. Nipake mafuta zaidi?

Mdau, Kirumba

Mafuta yanasaidia ila si dawa yenyewe. Mambo ni matatu. Wavu usuguliwe usiwe na mabaki ya juzi. Uwekwe juu ya makaa mpaka upate moto kabla samaki hajafika. Na samaki mwenyewe afutwe maji kwa kitambaa safi, kisha ndiyo apakwe mafuta. Baada ya hapo usimguse. Mwanzoni ngozi inashika, ikishakauka na kupata rangi inaachia yenyewe. Ukijaribu kumwinua kidogo akagoma, mwache dakika mbili. Mgeuze mara moja tu.

Kama una wavu wa kubana, ule wenye pande mbili na mpini, mambo yanakuwa mepesi zaidi. Wazee walibanika kwa ubao uliopasuliwa katikati, kazi ni ileile.

Mchoma mishikaki, Nyegezi

Hii ndiyo kazi yangu ya jioni, nitasema kidogo.

Ng'ombe wetu wa kienyeji wanatembea sana, nyama yao ni tamu lakini ina nyuzi. Buchani omba steki au sarara, na uikate kukinzana na nyuzi zake. Tazama mistari ya nyama inakoelekea, kisu kipite kuikata. Hilo tu linalainisha kuliko kiungo chochote. Vipande viwe sawasawa, kama ukubwa wa pingili ya kidole gumba, na kila baada ya viwili weka kipande kidogo cha mafuta, kikiyeyuka kinailowanisha nyama ya jirani. Nundu ukiipata, usiiache.

Papai bichi lililokwaruzwa linalainisha kweli, kijiko kimoja cha chakula kwa kilo, saa moja. Ukililaza usiku kucha nyama inakuwa uji, ukiitafuna huoni nyuzi wala ladha.

Vijiti vya mti viloweke nusu saa visiungue. Spoki za baiskeli naona wengi wanazitumia. Zile zilizopakwa rangi ya kung'aa mimi sizitaki karibu na chakula, nunua vyuma vya mishikaki, bei si kubwa. Usibananishe nyama kwenye kijiti, moto upate pa kupita. Geuza mara kwa mara. Tofauti na samaki, mshikaki haupendi kuachwa.

Asali, sukari au tomato sosi vipakwe dakika za mwisho. Sukari inaungua upesi na kuleta uchungu.

Dada wa Buzuruga

Nami nilete ya kuku, maana kwa watoto wangu choma bila kuku haijakamilika.

Kuku wa kisasa mpasue mgongoni, mfungue, mbonyeze kifua alale bapa. Aanze upande usio na makaa, mifupa ikiangalia chini, na afunikwe. Kama jiko halina mfuniko, sufuria pana iliyogeuzwa inafanya kazi. Dakika 40 au zaidi kidogo, halafu ndiyo aje juu ya makaa ngozi iwe kavu. Wengi wanafanya kinyume, wanaanza na moto mkali, matokeo yake paja linatoka na damu kwenye kiungo.

Mwenye kipimajoto cha jikoni, nyama nene ya paja ifike nyuzi 74. Asiye nacho achome kwa ncha ya kisu karibu na kiungo: maji yawe maangavu, nyama ya pale isiwe ya waridi. Kuku si nyama ya kula nusu mbichi.

Kuku wa kienyeji ni habari nyingine. Mchemshe kwanza kwa chumvi na tangawizi mpaka alainike, kisha motoni ni kumpa rangi na harufu tu. Ile supu wape wageni wakisubiri.

Muuguzi, Ilemela

Naomba mnisikilize kidogo, ndugu zangu, haya nayaona kazini.

Msimwage mafuta ya taa wala petroli kwenye makaa ambayo yameshika hata kidogo. Moto unapanda kwenye mkondo wa mafuta mpaka kwenye chupa mkononi. Na watoto wanakuwa karibu kila mara, kwa sababu nao wanataka kuona.

La pili, jioni upepo ukizidi watu wanahamishia jiko sebuleni au kwenye baraza iliyozibwa. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala rangi, na makaa yanaitoa hata kama hayana moshi. Mtu anahisi usingizi tu. Jiko libaki nje mpaka lizimike kabisa.

La tatu ni dogo na linasahaulika: sahani na koleo vilivyobeba nyama mbichi visiipokee iliyoiva kabla ya kuoshwa kwa sabuni.

Mwanzisha uzi, Mwanza mjini

Barikiwa sana, dada. Kuhusu upepo niongeze: mchana unavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, na usiku mara nyingi unageuka. Kabla ya kuwasha, tafuta ukuta au mwamba wa kulikinga jiko. Kwa miamba tuliyonayo mji huu sidhani kama kuna mtu atakosa.

Ila wanaokwenda kuchoma ufukweni wakapanga mafiga ya mawe: msichukue mawe yaliyokuwa ndani ya maji. Maji yaliyojificha kwenye nyufa yakipata moto, jiwe linaweza kupasuka na kurusha vipande. Chukueni makavu ya juu.

Fundi wa kuchomelea, Mabatini

Kwa wanaotengenezesha jiko la nusu pipa: uliza pipa lilibeba nini. La kemikali usilipokee hata ukipewa bure. La mafuta ya kula ni zuri, nalo lichomwe kwa moto mkali likiwa tupu kabla ya chakula cha kwanza. Toboa matundu chini na pembeni hewa ipite. Wavu ukae kama sentimita 15 juu ya makaa, na usiwe wa waya wa uzio uliopakwa zinki, ule ukipata moto mkali unatoa moshi mbaya. Nondo nyembamba tupu zinafaa.

Mdau, Ukerewe

Huku kwetu anayeogopa wavu anatumia jani la mgomba. Lipitishe juu ya moto lilainike lisipasuke, panga pande la sangara lenye ngozi na mfupa, nyanya, kitunguu, chumvi, pilipili moja nzima, funga, weka upande wenye makaa machache. Sangara ana mafuta yake, humwongezei chochote. Minofu mitupu ya sangara juu ya wavu inamegeka na kuangukia motoni, ndani ya jani haiendi popote. Dakika 20, fungua, na mchuzi wake upo humohumo. Kwa ugali wa udaga, ule wa muhogo uliovundikwa, hutaki kingine.

Viazi vitamu navyo vifukieni kwenye jivu la moto pembeni, na maganda yake. Viwe vya kwanza kuingia.

Mdau, Igoma

Nina wageni kumi Nane Nane. Kilo ngapi, na nianze na nini?

Mwanzisha uzi, Mwanza mjini

Nyama yenye mfupa, kilo moja kwa watu watatu. Steki, kilo moja kwa wanne. Ukichanganya na samaki na viazi unapunguza.

Mpangilio wangu: viazi kwenye jivu kwanza, kuku upande mtupu wakati huohuo, kachumbari inakatwa kuku akiwa motoni. Kuku akitoka, ongeza makaa yaliyoshika pembeni kwenye jiko dogo, usimimine mkaa mweusi katikati ya shughuli. Mishikaki ipite hapo, watu wale wakiwa wamesimama. Sato awe wa mwisho, kwa sababu hasubiri mtu: anatoka motoni anakwenda mezani.

Bado hatujapata mtu wa mbuzi. Wa Sengerema na Misungwi, mpo?