Uzi: Filamu gani ilikushika kwa rangi tu? Tupeane uzoefu

MlalaMchana: Wadau, jana nimeirudia Vertigo ya Hitchcock (1958). Kuanzia mwanzo yule mwanamke anatembea na kijani: mtandio, gari. Anakufa. Halafu Judy, aliyevalishwa afanane na yule marehemu, anatoka bafuni, suti ya kijivu, taa ya hoteli imemmwagia kijani mwili mzima, unaona mfu amefufuka. Nimeshindwa kulala. Nyie je?

Kipanga: Mimi The Matrix. Ndani ya mfumo, ile dunia ya bandia ya kompyuta, kila kitu kina ukijani, nje bluu ya baridi. Nilikuwa nahisi kichefuchefu sijui kinatoka wapi, kumbe ni ule ukijani.

Subira2: Naunga mkono.

MbishiMkuu: Mnawapa waongozaji sifa za bure. Taa ilikuwa ya kijani, basi.

Kipanga: Viatu vya Dorothy wa The Wizard of Oz kitabuni ni vya fedha. Kwenye filamu ya 1939 wakavifanya vyekundu ili Technicolor, teknolojia ya filamu za rangi, ionekane kazi yake. Hiyo nayo taa?

MbishiMkuu: Asante kwa kunisaidia. Hiyo ni biashara, haimhusu mhusika.

MtuWaNyuma: Ngojeni niwaambie kitu. Mimi nina upofu wa rangi. Nyekundu kwangu ni kama kahawia iliyofifia, na kipindi hicho nilikuwa sijamwambia mtu. Tuko ukumbini, Schindler's List (1993), karibu yote nyeusi na nyeupe. Geto la Wayahudi la Krakow linavamiwa, ghafla ukumbi mzima ukashusha pumzi. Mimi naona watu wanakimbizwa, bunduki, basi. Nikanyamaza. Baadaye sana likapita toroli la maiti. Dada aliyekaa pembeni yangu akanikamata mkono, analia: "Ni yule mtoto!" Nikamuuliza, mtoto gani? Alivyonitazama, sitasahau. Kumbe Spielberg kamwachia rangi mtoto mmoja, koti jekundu, Schindler anamwona akiwa juu ya farasi kilimani, na koti lilelile ndilo lililo kwenye toroli! Mimi nilimwona Schindler, mfanyabiashara mlafi, anageuka mwokozi wa Wayahudi bila sababu. Nilitoka nikilalamika kwamba hadithi ina pengo. Nilipomweleza dada macho yangu yalivyo, akaanza kulia upya.

Subira2: Mungu wangu.

Zulia: Mkuu umeua uzi. Sasa nani ataandika baada ya hapo?

MbishiMkuu: Chai hii. Koti jekundu kwenye picha ya kijivu hata mbuzi analiona.

MtuWaNyuma: Mbuzi akuazime macho. Kwa baadhi yetu nyekundu inazama kabisa kwenye kijivu.

MlalaMchana: Ila Mbishi hebu fikiri, umethibitishiwa. Ukitoa rangi, mhusika mzima anavunjika.

Zulia: Tukiachana na hao, mbona hamgusi njano? Traffic (2000), Mexico ya njano, Washington ya bluu. Ilisaidia kujua tuko wapi, sawa, lakini siku hizi nchi yoyote ya joto inapakwa njano, utadhani wananchi wote wana homa ya manjano. Inaniudhi mno.

Kipanga: Hahaha, nyongo imepasuka.

Subira2: Jamani, mtu anayetaka kuanza kuziona hizi rangi aanzie wapi?

Zulia: Zima ile mipangilio ya rangi kali kwenye TV. Inaharibu kila kitu.

Kipanga: Usizime, utaona giza tupu. Wewe angalia nguo. Nani kavaa nini anapodanganya.

MlalaMchana: Mimi natoa rangi yote, naangalia kipande kimoja kikiwa kijivu. Kikibaki vilevile, rangi ilikuwa pambo.

MtuWaNyuma: Kwangu hiyo ndiyo hali ya kila siku 😂

Kipanga: Mfano wa nguo: Luke kwenye Star Wars. 1977 nyeupe, 1980 kijivu, 1983 nyeusi kama baba yake mwovu, Darth Vader. Unakaa roho juu, huyu naye anapotea? Mwishoni kifuani nguo inafunguka, ndani kweupe.

MbishiMkuu: Kifungo kilikatika.