Nimepewa kuandika habari za wafanyakazi wa tawi letu la Mtwara, niweke nini wadau?

Binti_Ligula

Habari za mchana wakuu. Naomba mawazo, hasa kwa mliowahi kufanya kazi kwenye hizi kampuni za wahandisi washauri. Mimi niko utawala, tawi la Mtwara, makao makuu yetu Dar na kuna ofisi nyingine Dodoma. Kila mwisho wa mwezi Dar wanatoa jarida la ndani linakuja kwenye imeli, nani kapanda cheo, nani kaajiriwa, bethdei za mwezi, bonanza, picha za keki. Sisi huku tunapewa mstari mmoja mwishoni kabisa, kwamba ofisi ya Mtwara inaendelea vizuri na majukumu yake. Mwezi unaofuata mstari ule ule.

Sasa wamebadilisha, kila tawi liandike ukurasa wake, na bosi wetu kanikabidhi mimi. Nimefurahi kweli maana hii kitu iliniuma muda mrefu, ila nikikaa kuandika nakwama. Ofisi yetu ni nyumba ya kupanga Shangani, mchana ukija unatukuta mimi, mhasibu na dada wa chai basi, wengine wote wako saiti huko juu Newala, wanarudi jioni vumbi jekundu mpaka kwenye kope, wanashusha mifuko ya sampuli maabara halafu kila mtu kwake. Keki hatuna. Bosi anasema weka picha ya mkurugenzi siku aliyotutembelea, inatosha. Mimi naona haitoshi.

Kwaio naomba kujua, mambo gani ya ofisi ya mkoani yanafaa kuandikwa, misiba na wagonjwa inawekwa au inaachwa, na hawa mafundi sanifu na madereva ambao ukiwaambia nataka nikuandike wanapotea, nawapataje?

Kyubu28

Dada karibu sana. Mimi ni fundi sanifu wa maabara, nipo Lindi, na umegusa penyewe. Nakuomba anzia maabara.

Watu wa Dar wanaona ripoti tu. Hawajui ile namba imetoka wapi. Zege likimwagwa saiti tunajaza kyubu, yaani vile vipande vya mraba vya zege vya kupimia, kesho yake tunazitoa kwenye moldi tunaziandika alama tunazilaza kwenye tenki la maji, kuna za siku 7 na kuna za siku 28, na siku ikifika imefika, iwe Idi iwe Krismasi lazima mtu aje azitoe, azifute, azipime uzito, aziweke kwenye mashine moja moja na asimame pale anaangalia usomaji unapanda mpaka kyubu inapasuka. Anaandika. Hiyo namba ndio injinia anaisimamia, na ndio inaamua ile nguzo ya daraja inaendelea au inavunjwa. Udongo nao hivo hivo, sampuli ya CBR, kile kipimo cha uimara wa udongo wa barabara, inalowekwa siku 4 ndio ipimwe, kwaio ukiloweka Jumatano jua Jumapili kuna mtu yuko maabara peke yake na mashine wakati wenzake wako kanisani au wako Mikindani wanapunga upepo. Andika hilo. Mtaje jina huyo wa Jumapili.

Nimekaa kampuni moja kwa miaka, sitaitaja, picha pekee ya mafundi sanifu kwenye jarida lao ilikuwa siku ya usafi. Tumeshika mafagio. Wakati huo tulikuwa tunapima barabara nzima. Iliniuma na mpaka leo inaniuma.

Namna ya kuwapata, usiende na daftari mchana. Nenda jioni wakati wanachekecha udongo au wanatoa sampuli kwenye oveni, kaa kwenye benchi, usimuulize habari zake muulize habari za udongo. Mwambie leo mmepata nini huko, mbona huu mwekundu na ule mweupe. Ataongea mpaka giza liingie.

Dereva_Kusini

Mdogo wangu nikwambie kwa nini madereva wanakukimbia. Kwetu sisi jina lako likiandikwa na mtu wa utawala ujue ni barua ya onyo au mafuta hayajalingana na kilomita. Hatujazoea kuandikwa kwa jambo la heri. Ukianza na habari moja nzuri ya dereva mmoja, wakaiona kwa macho yao imebandikwa ukutani, wengine watakuja wenyewe.

Na habari zipo. Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Dar ilipokatika pale Somanga na maeneo mengine, mikoa ya Lindi na Mtwara ikabaki haiendeki Dar kwa njia ya kawaida. Sisi tulikuwa na wahandisi wawili wanatakiwa Dar na vifaa vya kupimia, ikabidi tuzunguke Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Makambako, Iringa ndio unashuka Morogoro. Huo ni mzunguko wa nchi nzima wakati Mtwara Dar kwa kawaida ni kama kilomita 560 tu unatoka alfajiri jioni umefika. Usiku wa Tunduru ukungu, lori moja limelala katikati ya njia, unashuka unatembea na tochi kwanza uone kama pembeni pana nafasi ya kupita. Tumefika, jarida likaandika timu ya kusini iliwasili salama. Timu ipi? Nani aliiendesha? Mke wangu alikuwa anasubiri aone hata jina la kwanza tu.

Kwaio dada yangu safari ikifanyika andika nani alishika usukani. Hilo tu kwangu ni kubwa.

Mzee wa Mingoyo

Salaam kwenu wote. Mwanangu Binti_Ligula, mimi nilikuwa injinia mkazi, yaani yule anayesimamia mradi akiwa saiti, miaka mingi, sasa nimestaafu nipo na mikorosho yangu. Naongezea jambo ambalo kwenye ofisi za mikoani linapita kimya na kwangu ndio habari kubwa kuliko zote, nalo ni usajili wa vijana.

Kijana akitoka chuo anasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, anaingia kwenye mpango wa SEAP, mafunzo kazini ya wahandisi wahitimu, ambao Bodi iliuanza mwaka 2003, anafanya miaka 3 chini ya mhandisi anayemlea, kila kazi anaijaza kwenye kitabu chake na ripoti anapeleka. Baadaye anakaa mbele ya jopo na akifaulu ndio anakuwa mhandisi mtaalamu, anakula kiapo, anakuwa na muhuri wake. Watu wa nje hawajui uzito wa ule muhuri. Ukishagonga kwenye mchoro wa daraja, daraja likipata tatizo wanakuja kukutafuta wewe. Sasa kijana amefanya hiyo miaka Newala na Nanyumbu, amekula ming'oko, vile viazi vya porini, amelala kwenye kambi, anafaulu, halafu kwenye jarida anawekwa jina katikati ya orodha ya watu wa makao makuu! Mpe nusu ukurasa. Sema alijifunzia kwenye kalavati lipi, nani alimlea, kitu gani kilimsumbua. Mlezi wake pia umtaje, kulea mtu ni kazi juu ya kazi. Na mafundi sanifu Bodi inawasajili pia, wasisahaulike, tena wengi hawajisajili kwa sababu hawajaona mwenzao akipongezwa.

Kuhusu misiba, usisubiri jarida. Msiba unatangazwa siku hiyo hiyo kwenye grupu watu wachange na wapange usafiri. Kwenye jarida weka shukrani ya familia kama wenyewe wameridhia. Ugonjwa usiandike kabisa, hata ukiwa na nia njema, mtu akirudi kazini mwandike karudi tumefurahi.

Posta_Dar

Nipo makao makuu ya kampuni nyingine kama hizo, Dar, na nahariri jarida letu kwaio niseme upande wa huku. Kwanza jueni kwamba wengi wetu hatuwadharau watu wa mikoani, hatuwajui tu. Ripoti ya maabara inakuja ina saini tatu, ningependa sana kujua sura za hizo saini. Kwaio Kyubu28 yuko sahihi mia kwa mia.

Ila dada kuna mambo mawili uwe makini nayo sana. La kwanza, kazi ya mhandisi mshauri ni ya mteja. Matokeo ya vipimo, kiasi cha malipo ya mkandarasi, madai ya kuongezewa muda, mvutano wa saiti, hayo hayaandikwi hata kwenye jarida la ndani, maana imeli inatumwa mbele ndani ya dakika mbili na mkandarasi anayo. Unaweza kuandika fulani alipima kyubu Jumapili, usiandike kyubu ilisoma ngapi na ni ya nguzo ipi. Kabla hujatuma mpe injinia mkazi asome kwa jicho hilo tu.

La pili ni picha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika Mei 2023, picha ya mtu ni taarifa yake, na tarehe ya kuzaliwa vile vile. Sisi tulikuwa tunaweka bethdei za watu wote bila kuuliza, tukaacha, sasa kuna fomu fupi mtu anatiki anachokubali, jina, picha, siku ya kuzaliwa bila mwaka. Inachukua dakika chache na watu wanajiamini zaidi. Picha ya saiti nayo hakikisha kila mtu ana helmeti na rifleta, isije ikafika kwa mteja mtu kasimama kwenye shimo na kandambili.

Kyubu28

Posta_Dar umesema kweli kuhusu matokeo, naunga mkono, namba zibaki kwenye ripoti. Ila hilo la bethdei mimi nisingeliacha moja kwa moja, huku kuna watu hawajawahi kupongezwa siku yao tangu wazaliwe. Ikiwa mtu ameridhia, iwekwe.

Mama_Chuno

Jamani mimi nilikuwa HR miradi ya barabara, naomba mweke kona moja ndogo ya haki za mfanyakazi, kila toleo jambo moja tu. Watu wa saiti hawana muda wa kusoma sheria na hakuna wa kuwaambia. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, wengi nimewakuta wanadhani ni hisani ya injinia. Mama akijifungua ni siku 84, akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja ni 100. Baba ana siku 3, lakini azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, na hapa ndipo wanaume wa saiti wanapozipoteza, mtoto anazaliwa hospitali ya Ligula baba yuko kambini hana taarifa kwamba anaweza kuondoka, anakuja kushuka mwisho wa mwezi siku zimepita. Nimeona vijana wanalia kwa hilo. Ukiandika aya moja tu ya hilo umesaidia familia za watu.

Na lingine, bonanza. Nimeona ofisi nyingi za Dar zinapanga ratiba inatumwa matawi yote, Ijumaa saa saba mchana. Kwa Mtwara na Lindi nusu ya ofisi wako msikitini muda huo. Na msimu wa korosho kuanzia Oktoba watu wanaomba ruhusa kwenda mashambani na mnadani, ukipanga tukio kipindi hicho utaita watu hawaji halafu makao makuu waseme tawi halina ushirikiano. Ukurasa wako ndio mahali pa kuwaeleza Dar kalenda ya huku ikoje.

Binti_Ligula

Yaani nimesoma zote na nimetoa machozi kwa ile ya Dereva_Kusini. Kaka pole sana na asante, na nimeelewa sasa kwa nini wananikimbia, sikuwahi kuliwaza hilo la barua.

Jana jioni nimefanya kama Kyubu28 alivyosema, nimeenda maabara bila daftari, nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikauliza kuhusu udongo mweupe. Fundi sanifu wetu ambaye huwa ananijibu ndio na hapana tu kanieleza changarawe inachimbwa wapi, kwa nini wanaikataa ile yenye udongo mwingi, jinsi anavyoijua kwa kuisugua kiganjani kabla hata ya kuipima, na kwamba yeye ndiye anayekuja Jumapili. Nimemuuliza kama naweza kuandika, kasema andika lakini kwanza mwambie mama yangu nitamtumia picha yenye helmeti.

Nimeongea na bosi pia. Picha ya mkurugenzi itabaki, ila chini, juu anakaa wa maabara na wa pili ni dereva wetu mmoja wa Land Cruiser ambaye amekubali baada ya kumhakikishia kwamba atasoma mwenyewe kabla haijatumwa. Kona ya haki naanza na siku 3 za baba maana kuna mafundi wawili wake zao wako karibu kujifungua. Fomu ya ruhusa nimeshaichapa. Injinia mkazi atapitia Alhamisi.

Mzee wangu wa Mingoyo shikamoo, tunaye binti yuko mwaka wa mwisho wa SEAP, naomba nikuandikie pembeni unisaidie maswali ya kumuuliza, nataka yake iwe tayari siku akitoka kwenye jopo.

Mzee wa Mingoyo

Marahaba mwanangu. Niandikie. Na swali la kwanza muulize ni kazi ipi aliyoikataa saiti kwa sababu haikuwa sawa, na mkandarasi alimjibu nini.