Mjadala: Kangomba ni mwizi au ndiye benki ya kijiji?

Mleta mada
Wakuu, msimu wa korosho ukikaribia huku Kusini wimbo ni ule ule: msiuze kangomba, pelekeni AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Kwa asiyejua, kangomba ni yule anayekufuata nyumbani na bakuli lake, anachota korosho na kukuachia pesa hapo hapo. Bakuli halina muhuri wa mtu wa vipimo, na bei anapanga yeye. Unapunjwa, hilo sibishi.

Ninachobisha ni kwamba anayemuuzia ni mjinga. Mama yangu mdogo mwaka juzi aliuza magunia mawili mikorosho ikiwa bado maua, na mzani anausoma kuliko karani wa chama chetu. Mtoto alianguka kutoka mwembeni mwezi wa saba, akavunjika mkono. AMCOS hainunui maua.

Sheria ya stakabadhi ghalani ya 2005 ilikusudia ile karatasi unayopewa ukipeleka mzigo ghalani iwe dhamana: mzigo unakaa ghalani, wewe unakopa, bei ikikaa sawa unauza. Mfumo ulipoingia kwenye korosho msimu wa 2007/08, angalau ukifikisha mzigo ulipata malipo ya kwanza. Sasa unasubiri mnada, umsubiri mnunuzi alipe, pesa ipite chama kikuu cha ushirika, ije AMCOS, iende benki. Hebu nenda dukani na stakabadhi yako uombe kilo ya unga.

Pendekezo langu: katika makato tunayokatwa kila kilo, shilingi 10 ziingie mfuko wa chama wa kukopesha wanachama miezi ya njaa. Chama cha tani 500 kinapata milioni 5 kwa msimu.

Wa Tandahimba
Mkuu, hayo malipo ya kwanza unayoyalilia ndiyo yaliyotuchomea nyumba. Umesahau Liwale, Aprili 2013? Watu walipewa malipo ya pili pungufu ya walivyotarajia, wakawasha moto kwenye nyumba za viongozi. Chama kikikopa benki ili kikulipe mapema, bei ikishuka deni ni la nani? Na usidharau mnada. Oktoba 2024 walipoanza kuuza kwa mtandao wa TMX, soko la bidhaa Tanzania, bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Bakuli gani lingekupa hiyo?

Hesabu tu
Milioni 5 gawa kwa wanachama 400 ni 12,500 kila mmoja. Hata salfa ya kupulizia mikorosho haitoshi. Halafu mfuko huo anaushika nani, mwenyekiti yule yule?

Mstaafu wa bakuli
Nimefanya kangomba misimu mitatu, nitukaneni tu. Katika kumi niliowapa pesa mapema, wawili walinikimbia, na hakuna mahakama ambayo ingenisikiliza. Ndiyo maana nilinunua kwa bei ya kutupa. Humo ndani nilishahesabu na wale wawili. Niliacha mwaka 2018, serikali ilipotangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Ukiwa na mzigo mkubwa unaambiwa onesha shamba. Shamba gani? Mzigo ukaniozea mikononi. Lakini wateja wangu hawakuacha shida mwaka ule, walihamia kwa mwingine.

Msukuma wa choroko
Nyie mna zao la kuuza nje, wanunuzi wanagombania. Huku Kanda ya Ziwa mfumo huo huo tuliletewa kwenye choroko, zao ambalo mtu anabeba debe kwenye baiskeli hadi gulioni, jioni anarudi na sukari na daftari za watoto. Debe moja nalo lisubiri mnada?

Mleta mada
Msukuma, hapo nakubali bila ubishi. Kulazimisha choroko ni uonevu.

Hesabu tu, hakuna kikundi kinachokopesha wote siku moja. Kina mama wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopeshana, hapa kijijini walianza na hisa za elfu mbili, leo wanakopeshana mpaka laki tatu, na sanduku lina kufuli tatu na wenye funguo watatu. Wanaanza na mwenye mgonjwa, anayetaka kununua bati anangoja. Chama chetu kina ghala, mzani na mhasibu, hakina hata sanduku. Mwenyekiti simtetei, mfuko uwe na kamati yake, na vitabu visomwe mkutanoni kwa sauti.

Ila swali la wa Tandahimba limenibana. Wakikopa watu sabini, mvua ikaja wakati wa maua, korosho zikaharibika, sijui tutamdai nani. Mstaafu, wewe ndiye uliyewahi kukopesha kijiji hiki kwa pesa yako mwenyewe. Mwaka wa mavuno mabaya ulikuwa unafanyaje?

Mstaafu wa bakuli
Nilikuwa nachukua shamba. Mikorosho kadhaa, msimu mmoja au miwili. Na ninyi chama mtaweza kumfanyia hivyo mama yako mdogo?