Mkojo ulionyesha milioni nane, damu elfu nne: je, mwanangu anapona?

Mama wa Mlali, Kongwa
Ndugu zangu, naomba msaada wenu. Mwanangu ana wiki saba. Alizaliwa akiwa na uzito mdogo, bandama iliyovimba na madoa mekundu ya ngozi yatokanayo na upungufu wa chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Mkojo wake uliochukuliwa siku ya tisa ulionyesha virusi vya sitomegalo (CMV), ambavyo mtoto huweza kuambukizwa tumboni, nakala 8,000,000 kwa mililita, na akiwa na wiki tatu alianzishiwa valgansikloviri, dawa ya virusi hivyo. Juzi alipimwa damu mjini Dodoma, na jibu limeandikwa yuniti za kimataifa 4,200 kwa mililita. Ndugu wamefurahi, kwa kuwa wamezoea habari za wingi wa VVU, ambako namba ikishuka ni heri. Je, namba hizi zinalinganishwa?

Mtaalamu wa maabara, Dodoma
Pole na hongera kwa kumfuatilia mtoto, mama. Namba hizo hazilinganishwi. Mtoto aliyeambukizwa tumboni hutoa virusi vingi mno kwenye mkojo na mate, kwa miezi na hata miaka, ilhali kwenye damu huwa vichache zaidi; hata sampuli zote mbili zingechukuliwa siku moja, mkojo ungeweza kutoa mamilioni na damu maelfu. Tena nakala si sawa na yuniti za kimataifa, ambazo zimetokana na kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2010, na kila aina ya kipimo ina hesabu yake ya kubadilisha moja kuwa nyingine. Hata damu nzima hutoa namba kubwa kuliko plazma, yaani maji ya damu yaliyotenganishwa na chembe, kwa sababu virusi hukaa pia ndani ya chembe nyeupe. Omba kipimo kijacho kitumie sampuli ya aina ile ile, katika maabara ile ile, na tofauti isiyofika mara tatu usiihesabu kuwa badiliko. Jibu la mkojo lilitimiza kazi yake: kwa kuwa ulichukuliwa kabla ya siku 21, mapema mno kwa virusi vilivyoingia baada ya kuzaliwa kuonekana kwenye mkojo, tunajua maambukizi hayakutokana na maziwa.

Daktari wa watoto
Naongeza jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi. Kwa jumla, watoto wenye virusi vingi kwenye damu ndio wanaopata zaidi matatizo ya usikivu, lakini namba za wanaoathirika na wasioathirika huingiliana kiasi kwamba sijui namba ninayoweza kumwonyesha mzazi nikamwambia mwanao yu salama. Nikilazimika kuchagua kati ya kurudia kipimo cha virusi na kupima masikio, nitachagua masikio, maana usikivu unaweza kupungua miaka kadhaa baadaye hata kwa mtoto aliyeonekana kusikia vizuri alipozaliwa. Dawa ni miligramu 16 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku, kwa miezi sita. Apimwe uzito kila hudhurio ili dozi imfuate anavyokua, na chembe zake nyeupe zihesabiwe, kwa kuwa dawa huzishusha. Ikiisha, virusi huweza kupanda tena. Msishtuke.

Mama wa Mlali, Kongwa
Asanteni sana. Mdogo wangu anayenisaidia kubadilisha nepi ana mimba ya miezi mitatu. Je, aondoke?

Daktari wa watoto
Asiondoke, wala mtoto asitengwe. Anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kila anapogusa nepi au mate, asimbusu mdomoni, wala wasitumie kijiko kimoja. Ila dawa asiishike kabisa, kwa kuwa inaweza kudhuru mimba. Mpe wewe mwenyewe, ukiwa umevaa glavu.