Tupeane uzoefu: kuita methodi kwenye obijekti, wewe uliona nini?

Zabibu Kavu (Makulu, Dodoma)
Wakuu, heshima kwenu. Jioni huwa nawaelekeza vijana Python, lugha ya kuandikia programu. Klasi (ramani ya kuundia obijekti, yaani kitu chenye data na kazi zake) wanaandika vizuri tu, ila ikifika kuita methodi (kazi iliyoandikwa ndani ya klasi) ngoma inakuwa nzito. Juzi mmoja kaandika klasi `Shamba` yenye `vuna(self)`, akaita `Shamba.vuna()`. Ikaja TypeError, ujumbe wa kosa: hoja `self` (obijekti yenyewe inayoitiwa methodi) imekosekana. "Mwalimu, si ulisema self haiandikwi ukiita?"

Nikamwambia shamba lenyewe hujaunda, sasa nani avune? Andika `s = Shamba()`, kisha `s.vuna()`. Python inachukua kilichopo kushoto mwa nukta na kukipeleka chenyewe kama self. Nikamwambia ajaribu na `Shamba.vuna(s)`. Jibu lilelile. Akacheka, akaelewa.

Nyie huko mmekutana na yapi?

Binti Kondoa
Mabano! Ofisini kuna kijana wa mafunzo alileta programu ya kupima mizigo ya alizeti. Badala ya kilo, `print(mzigo.uzito)` inatoa `<bound method Mzigo.uzito of ...>`. Akadhani kompyuta ina virusi, maskini. Bila mabano hujaita kitu, umeishika methodi tu mkononi.

Hiyo angalau unaiona. Balaa ni `if mzigo.umelipwa:`. Methodi yenyewe ni obijekti, na Python inaihesabu kuwa kweli. Kwa hiyo kila mzigo umelipwa, hata wa yule ambaye hajatoa shilingi, na hakuna kosa lolote linalojitokeza. Hasara utaikuta kwenye hesabu za mwisho wa mwezi.

Mzee wa Java
Huku kwetu kwenye Java wimbo ni NullPointerException, kosa la kuita methodi kwenye null, yaani pasipo na obijekti. Kigeugeu (jina linaloshika obijekti) `mteja` kipo, obijekti ndani yake haipo, wewe unaita `mteja.lipa()`. Mwanasayansi wa kompyuta Tony Hoare, aliyeleta null mwaka 1965 kwenye lugha ya ALGOL W, mwenyewe alikuja kuiita kosa lake la dola bilioni. Vijana wa sasa mnadeka: tangu Java 15 ujumbe unakutajia kabisa ni kigeugeu gani kilikuwa null. Sisi tulipewa namba ya mstari tu, na mstari una nukta nne, hujui ni ipi!

Dalali wa Kibaigwa
JavaScript je? Unampa kitufe `kikapu.ongeza`, kikibonyezwa `this` (ndiyo self ya huko) si kikapu tena. Andika `() => kikapu.ongeza()` uendelee na maisha.

Mzee wa Java
Ndiyo maana nasema hiyo self ya Python ni mzigo bure. Java inaificha na kazi inakwenda.

Zabibu Kavu
Mzee wangu, hapo nakukatalia kwa heshima. Kwa anayeanza, ikifichwa ndipo anapoona methodi inajua shamba lake kwa uganga. Akiiona kwenye mabano anajua imeingilia wapi.

Binti Kondoa, hiyo ya `if` aisee kesho naipachika kwenye zoezi lao, kimyakimya. Nione nani atauliza mbona wote wamelipa.