Kiziduo kinakwamisha seli G2/M: kinavunja mikrotubuli au kinazikaza?

Mwanamaabara: Wakuu, kiziduo cha majani kinarundika seli za HeLa (seli za saratani ya binadamu) kwenye G2/M (G2 ni maandalizi ya kugawanyika, M ni mgawanyiko wenyewe) baada ya saa 24 (nimepima kwa propidiamu, rangi ya DNA). Nitajuaje kama kinafanya kazi kama vinblastini, inayovunja mikrotubuli (nyuzi za protini ndani ya seli), au kama paklitakseli, inayozikaza?

Tubulini37: Propidiamu hupima wingi wa DNA tu, haitenganishi G2 na M. Ongeza kingamwili ya histoni H3 yenye fosfeti kwenye serini 10. Ikipanda, seli zimekwama kwenye mgawanyiko kweli. Kisha chukua tubulini safi (protini inayojenga mikrotubuli), GTP 1 mM (tubulini huihitaji ili iungane), nyuzi joto 37, usome ufifio wa mwanga kwenye nm 340 kwa saa moja; mikrotubuli zikijengeka, ukungu huongezeka na mstari hupanda. Paklitakseli hupandisha mstari haraka, vinblastini huuzuia usipande. Weka zote mbili, na DMSO (kiyeyushi cha dawa) peke yake. DMSO ikifika 10% inaunganisha tubulini yenyewe, kwa hiyo ibane.

Bi Kemia: Kiziduo ghafi? Ondoa tanini (kemikali za mimea zinazoshika protini) kwanza kwa PVPP, unga unaozinasa. Zinagandisha protini, na ukungu wake kwenye nm 340 utadhani ni mikrotubuli. Hata kupoza hadi nyuzi 4 hakukuokoi: mikrotubuli za kawaida huachana, lakini zilizokazwa na paklitakseli hubaki, kama madonge ya tanini.

Mwanamaabara: Asanteni. Mbona kwenye darubini sioni nyuzi za mikrotubuli hata kwenye seli zenye DMSO tupu?

Tubulini37: Bila shaka unaosha kwa PBS (maji ya chumvi ya kuoshea seli) ya friji, mkuu. Baridi inazivunja kabla hujazihifadhi kwa methanoli. Ipashe hadi nyuzi 37, ndipo umwage methanoli ya nyuzi −20 kwa mkupuo.